Umekabidhiwa funguo: kipi chako, kipi cha mwenye nyumba, na wapi watu wanagombana bure

Kuna ugomvi mmoja wa nyumba za kupanga unajirudia kila mahali, na ukiusikiliza vizuri utakuta pande zote mbili zinasema kweli. Mwenye nyumba anasema "hii nyumba ni yangu". Mpangaji anasema "mimi nalipa kodi". Wote wako sahihi, na ndo maana hauishi, kila mmoja anadhani neno lake linafuta la mwenzake wakati hizo ni habari mbili tofauti kabisa.

Sheria za nchi nyingi sana zinatenganisha kumiliki na kukaa. Mwenye nyumba anamiliki, hilo halina mjadala, anaweza kuiuza, kuirithisha, kuiwekea rehani. Ila siku anapokukabidhi funguo na kupokea kodi anakuwa amekuuzia muda wa kukaa humo ndani, na kwa huo muda we ndo mwenye mlango. Unaweza kumzuia mtu yeyote asiingie, na mwenye nyumba mwenyewe akiwemo, mpaka apige hodi kwa utaratibu. Na kwa vile we ndo mwenye mlango, lawama za kinachotokea nyuma ya huo mlango nazo zinahamia kwako. Haki zako na wajibu wako vyote vinatoka hapo hapo, yani ukishika hilo moja mengine mengi unaweza kuyabashiri hata kabla hujafungua kitabu cha sheria.

Wamiliki wajanja washajaribu kulikwepa hili kwa kubadilisha jina la karatasi. Hawaandiki mkataba wa upangaji, wanaandika kibali cha kukaa au makubaliano ya mgeni au kitu cha namna hiyo, ili siku ukija kudai haki ya mpangaji uambiwe we sio mpangaji bana, soma ulichosaini. Kule Uingereza jambo hili lilifika mpaka mahakama ya juu kabisa mwaka 1985, kesi ya Street dhidi ya Mountford. Mama alikuwa kasaini karatasi inayosema wazi ni leseni tu na haimpi ulinzi wa sheria za kodi ya nyumba. Majaji wakaangalia hali halisi: ana vyumba vyake peke yake, analipa kodi, kwa kipindi kinachojulikana, basi huyo ni mpangaji, karatasi iseme inavyotaka. Lord Templeman akaeleza kwamba ukitengeneza kifaa cha kuchimbia chenye meno matano umetengeneza uma wa shambani, hata ukisisitiza kwamba we ulikusudia sepetu.

Sasa tahadhari kidogo hapa. Kama unapanga chumba ndani ya nyumba ambayo mwenyewe anaishi humo humo, mnatumia jiko moja na bafu moja, basi sehemu nyingi ulinzi wako ni mdogo kuliko wa mtu aliyepanga nyumba nzima au chumba chenye mlango na huduma zake. Notisi inaweza kuwa fupi, na haki ya kumzuia asiingie inapungua, kwa sababu ile "kukaa peke yako" haipo kamili. Watu wengi hawalijui hili na wanakuja kushangaa baadaye, kwa hiyo ulizia mapema.

Kabla hujatoa hela

Swali la kwanza halihusu nyumba kabisa, linahusu huyo anayekukodisha. Je, ana mamlaka ya kukodisha? Utapeli wa kodi ni wa kizamani na bado unafanya kazi vizuri tu: mtu anapanga nyumba kwa wiki mbili, anapiga picha, anaiweka mtandaoni kwa bei ya chini inayotia tamaa, anachukua hela za watu kadhaa, alafu anapotea na simu inazimwa. Wengine wala hawajapanga, wameiba picha tu kwenye tangazo la mtu mwingine. Dawa yake haihitaji uwe mwanasheria. Ingia ndani ya nyumba kwa miguu yako kabla ya kutoa chochote, omba kuona kitambulisho na karatasi ya umiliki au barua ya uwakala, ongea na jirani mmoja wawili (majirani wanajua kila kitu, we waache tu waongee), na lipa kwenye akaunti yenye jina lile lile lililoko kwenye mkataba. Akikwambia yuko safarini, nyumba huwezi kuiona, ila wateja ni wengi kwa hiyo tuma ya kushikilia, hapo mjadala umeisha.

Kama anayekukodisha naye ni mpangaji anayepangisha tena, muulize idhini ya mwenye nyumba iko wapi. Bila hiyo idhini unaweza kuwa umelipa vizuri, una risiti, una kila kitu, na bado ukatolewa kwa sababu aliyekupa hakuwa na cha kukupa.

Kuhusu mkataba wenyewe, wengi wanaamini kwamba bila karatasi hamna mkataba. Sehemu nyingi makubaliano ya mdomo yanatambulika. Uingereza kwa mfano upangaji usiozidi miaka 3 unaweza kuanza bila maandishi kabisa, kwa sheria ya mwaka 1925. Tatizo la mdomo linakuja kwenye ushahidi, maana mkishatofautiana kila mmoja anakumbuka mazungumzo yake. Kama mwenye nyumba hataki kuandika, basi andika we: mtumie meseji baada ya kuongea, "Habari za leo mama, nimeshukuru kwa mazungumzo. Tumekubaliana naingia tarehe 1, kodi ni kiasi hiki kwa mwezi, dipoziti ni mwezi mmoja, na utarekebisha koki ya jikoni kabla sijaingia." Akijibu "sawa" umeshapata karatasi yako.

Ukiletewa mkataba ulioandikwa, usome wote, hata ukiwa na kurasa kumi, na mambo machache yaangalie kwa jicho kali. Muda umepangwa una mwisho wake, au ni wa mwezi kwa mwezi? Mkataba wa mwaka mmoja unambana mwenye nyumba asikutoe katikati, watu wanaupenda kwa hilo, ila unakubana na we pia, ukipata kazi mji mwingine mwezi wa nne unaweza kudaiwa kodi mpaka mwisho au mpaka apatikane mpangaji mwingine, kwa hiyo ulizia kama kuna kifungu cha kujitoa mapema na notisi yake ni ya muda gani. Kodi inapanda lini na kwa kiasi gani? Kuna nchi zimeweka ukomo, Uganda kwa sheria yake ya mwaka 2022 haitakiwi kuzidi asilimia 10 kwa mwaka, ila sehemu nyingine hamna ukomo wowote na hapo mkataba ndo ngao pekee. Nani analipa maji, taka, ulinzi, taa za ngazi?

Na hili la kupanga na marafiki. Mkisaini watu watatu kwenye mkataba mmoja, kwa kawaida kila mmoja anadaiwa kodi YOTE, sio theluthi yake. Mmoja akikimbia, mwenye nyumba hana haja ya kumtafuta, anawageukia mliobaki na sheria iko upande wake. Mkataba mmoja mmoja kwa kila chumba ni salama zaidi kama hamjuani vizuri. Kwa marafiki wa damu nako, kiukweli, nyumba imeshavunja urafiki mwingi.

Kuna vifungu utavikuta vimeandikwa kwa herufi nene kama vile ni amri kutoka juu: "mwenye nyumba ana haki ya kuingia wakati wowote", "mpangaji atatengeneza kila kitu", "dipoziti hairudishwi kwa sababu yoyote". Nchi zenye sheria nzuri za upangaji vifungu kama hivyo havina nguvu hata ukisaini, sheria inavipita juu. Ila usivisaini kwa kutegemea hilo, kwanza sheria ya kwenu inaweza isiwe hivo, pili hata kama ni batili utatumia muda na nguvu kuthibitisha. Omba kifutwe, mfute kwa kalamu, wote mweke sahihi pembeni.

Dipoziti ni hela yako

Naandika hivyo makusudi maana hata wapangaji wenyewe wanaongea kana kwamba wameshaitoa sadaka. Dipoziti ni amana, inabaki mali yako, mwenye nyumba anaishika tu kama dhamana kwamba hutaondoka na deni au kuacha uharibifu. Kodi ya mbele ni kitu kingine, hiyo ukikaa imeliwa. Kwa hiyo risiti iandike kabisa hii ni kodi ya miezi fulani na hii ni dipoziti, maana risiti inayosema tu "nimepokea hela ya nyumba" imefungua mlango wa kuambiwa baadaye yote ilikuwa kodi.

Ukitaka kuona jinsi sheria zinavyoichukulia, angalia nchi zilizoiwekea uzio. Ujerumani dipoziti haizidi kodi ya miezi mitatu (ile kodi tupu bila gharama za huduma), mpangaji ana haki ya kuilipa kwa awamu tatu, na mwenye nyumba lazima aiweke mbali na hela zake mwenyewe, na riba ikipatikana ni ya mpangaji. England tangu mwaka 2007 dipoziti za upangaji wa kawaida lazima ziwekwe kwenye mfuko maalum uliothibitishwa na serikali, sasa hivi ni ndani ya siku 30, na asiyefanya hivyo anaweza kuamriwa amlipe mpangaji kati ya mara moja na mara tatu ya hiyo dipoziti. California tangu Julai 2024 wamiliki wengi hawaruhusiwi kuchukua zaidi ya kodi ya mwezi mmoja, na ukihama wana siku 21 za kukurudishia au kukupa orodha ya walichokata na sababu zake. Afrika Kusini inataka hela ikae kwenye akaunti inayozaa riba.

Kama kwenu hamna sheria ya namna hiyo, basi iandikeni wenyewe kwenye mkataba: kiasi, itarudishwa ndani ya siku ngapi, itakatwa kwa mambo gani tu, na makato yaje na risiti za fundi. Na kinyume chake ni wajibu wako, ile tabia ya kuacha kulipa kodi ya mwezi wa mwisho kwa kusema "kata kwenye dipoziti" ni kuvunja mkataba, maana dhamana inakuwa imekwisha kabla nyumba haijakaguliwa.

Siku ya kupokea nyumba

Hapa ndo nataka tukae kidogo, kwa sababu kesi nyingi za mwisho wa upangaji zinaamuliwa na kilichofanyika au kutofanyika siku ya kwanza. Mwaka wa pili ukifika hakuna anayekumbuka ule ufa juu ya dirisha ulikuwepo au hapana. Mwenye nyumba anaweza kuamini kabisa kwa moyo safi kwamba haukuwepo.

Sheria ya nyumba za kupanga ya Afrika Kusini ya mwaka 1999 imeliweka hili vizuri kuliko nyingi nilizozisoma. Mwenye nyumba na mpangaji wanatakiwa waikague nyumba pamoja kabla mpangaji hajaingia, waandike kasoro zote, orodha iambatane na mkataba, na wakati wa kutoka wanakagua tena pamoja. Mwenye nyumba asipokagua mbele ya mpangaji, inahesabika amekubali kwamba nyumba iko katika hali nzuri, hana cha kudai tena. Umeona mzigo ulivyohamishwa? Aliyeshika hela ndo anatakiwa kuthibitisha. New South Wales kule Australia nako kuna fomu ya hali ya nyumba, mwenye nyumba anaijaza kwanza, mpangaji anapewa siku 7 baada ya kuingia aongeze anayoyaona yeye na kuirudisha.

We fanya hivyo hata kama hakuna anayekulazimisha. Kagua mchana, nyumba ikiwa tupu, kabla kochi lako halijaziba ukuta. Fungua koki zote kwa pamoja uone presha, vuta maji ya choo yakiwa bado yanatiririka jikoni, rudi baada ya dakika chache uangalie chini ya sinki kama kuna tone. Chukua chaja ya simu ujaribu kila soketi. Fungua na kufunga kila dirisha na kila mlango, kabati nazo. Tazama dari kwenye pembe, alama ya mviringo ya kahawia inaeleza habari ya mvua zilizopita kuliko dalali atakavyokueleza. Rangi mpya iliyopakwa kipande kimoja tu cha ukuta, chini karibu na sakafu, uliza kwa nini hapo tu. Harufu pia, nyumba iliyofungwa yenye ukungu ina harufu yake na ubani hauwezi kuificha kwa muda mrefu.

Alafu mita. Piga picha namba za mita ya umeme, maji na gesi siku unayopokea funguo, na uliza kama kuna deni la aliyetoka. Hesabu funguo, andika umepewa ngapi. Uliza nani mwingine ana nakala, mpangaji wa zamani, fundi, dalali, kwa sababu kitasa hakijui nani kahama. Kubadilisha kitasa ni jambo la kuomba kwanza, na kawaida mwenye nyumba anataka nakala abaki nayo kwa dharura, hilo ni la kawaida mradi asiitumie kuingia kama kwake.

Piga video moja ndefu bila kukata, ukianzia nje mlangoni, chumba kwa chumba, ukiongea unachokiona, alafu picha za karibu za kila kasoro. Hapo wengi wanaishia, picha zinabaki kwenye simu, simu inaibiwa au inaingia maji, basi. Zitume siku hiyo hiyo kwa mwenye nyumba, kwa WhatsApp au barua pepe, na maneno mafupi ya heshima: "Habari za jioni mzee, nimeshapokea funguo tatu leo, ahsante. Hizi ni picha za hali ya nyumba nilivyoikuta kwa ajili ya kumbukumbu yetu sote, bafuni kigae kimoja kimepasuka na kitasa cha chumba kidogo hakifungi." Meseji inabeba tarehe yake, na aliyepokea akanyamaza baadaye anakuwa na kazi ngumu kukana. Na ukiletewa karatasi yenye mstari mmoja "nyumba nimeikuta katika hali nzuri" usisaini kabla ya kuongeza "isipokuwa..." na kuyataja.

Nani anatengeneza nini

Zamani sheria ya nchi zilizofuata mfumo wa Kiingereza ilikuwa kali kwa mpangaji: umeichukua nyumba kama ulivyoikuta, paa linavuja ni shauri yako, kodi lipa. Mabadiliko makubwa Marekani yalikuja na kesi ya Javins mwaka 1970, mahakama ya rufaa Washington. Wapangaji wa majengo fulani walikuwa wamegoma kulipa kodi wakisema kuna kama makosa 1,500 ya kanuni za nyumba mle ndani. Mahakama ikasema mtu wa mjini hapangi kipande cha ardhi, anapanga mahali pa kuishi, kwa hiyo ndani ya mkataba kuna ahadi hata kama haijaandikwa kwamba nyumba itafaa kuishi binadamu, na wajibu wa kulipa kodi umefungamana na hiyo ahadi. Umoja wa Mataifa nao mwaka 1991, kamati yake ya haki za kiuchumi na kijamii ilipoeleza makazi ya kutosha ni nini, ilitaja usalama wa kukaa bila kutishiwa kufukuzwa, huduma kama maji na vyoo, na nyumba inayofaa kuishi.

Kwa hiyo mgawanyo wa kawaida ni huu. Mwili wa nyumba ni wa mwenyewe: paa, kuta, msingi, mabomba ndani ya ukuta, nyaya, mfumo wa maji taka, usalama wa gesi. Matumizi ya kila siku ni yako. Jaji Denning wa Uingereza kwenye kesi ya Warren dhidi ya Keen mwaka 1953 alieleza upande wa mpangaji kwa mifano ya nyumbani kabisa: asafishe madirisha, atengeneze taa fyuzi ikiungua, azibue sinki lililozibwa na uchafu wake, asiharibu kwa makusudi wala kwa uzembe, na ahakikishe familia na wageni wake hawaharibu. Nyumba ikichakaa kwa umri tu, alisema, hilo si la mpangaji. Mwenye nyumba alikuwa anamdai mpangaji gharama za kuta zenye unyevu, akakosa.

Lakini mwenye nyumba haoni ndani kwako, si tumeshasema mlango ni wako? Ndo maana wajibu wa kutoa taarifa ni wako, na mara nyingi wajibu wake wa kutengeneza hauanzi mpaka umemwambia. Ukiona tone dogo ukanyamaza miezi sita mpaka sakafu imeoza, tone lilikuwa lake, sakafu inaweza kuwa yako. Mwambie kwa maandishi, weka picha, pendekeza siku fundi anaweza kuja, na umfungulie huyo fundi akija.

Unyevu na ukungu ndo mgogoro mgumu kuliko yote maana kila upande una hoja. Maji yakipanda kutoka chini, au kuingia kutoka kwenye paa au bomba, unaona doa lenye mpaka, mara nyingi linakua mvua ikinyesha, hilo ni la jengo. Ukungu mweusi unaojitokeza kwenye pembe za baridi, nyuma ya kabati, juu ya dirisha la bafu, mara nyingi ni mvuke wa kupika, kuoga na kuanika nguo ndani bila kufungua dirisha. Ila hata hapo usikubali haraka kwamba ni kosa lako, kama bafu halina dirisha wala feni ya kutolea hewa unatarajiwa upumulie wapi? Nyumba isiyopitisha hewa ni tatizo la nyumba.

Na akikataa kutengeneza? Hapa nchi zinatofautiana sana na hapa watu wanaumia. Ujerumani kodi inapungua yenyewe kisheria kwa kiasi ambacho kasoro inapunguza matumizi ya nyumba, mradi umetoa taarifa. California unaweza kutengeneza mwenyewe baada ya kumpa muda wa kutosha na kukata kwenye kodi, gharama isizidi kodi ya mwezi mmoja, na sio zaidi ya mara mbili kwa miezi 12. Sehemu nyingine ukiacha kulipa kodi, hata kama paa limeanguka, umempa sababu halali ya kukutoa. Kwa hiyo kabla hujagoma, uliza kwanza kwenye baraza la nyumba au msaada wa kisheria wa eneo lako. Mpaka hapo endelea kulipa, huku unaandika malalamiko.

Uchakavu wa kawaida ni neno utakalolisikia sana siku ya kutoka ila lianze kukuhusu leo. Rangi iliyofifia na jua, zulia lililolala njia ya kupitia, bawaba iliyolegea, hayo ni maisha, hulipi. Tundu la ngumi mlangoni, alama ya pasi kwenye zulia, choo kilichovunjika, hayo unalipa. Na hata unapolipa, hulipi kipya kwa kizamani: kama zulia lilitarajiwa kudumu miaka 10 na lilikuwa na miaka 8 ulipoliunguza, dai la haki ni lile la miaka 2 iliyobaki. Ukiambiwa ulipe zulia jipya zima uliza lilinunuliwa lini.

Hodi, wageni, na bima ambayo haipo

Mwenye nyumba ana haki ya kuja kukagua na kutengeneza, hilo lipo karibu kila mahali, ila kwa taarifa. Uingereza na California kipimo cha kawaida ni saa 24. Ontario kule Kanada ni saa 24 kwa maandishi, yenye sababu, na aje kati ya saa 2 asubuhi na saa 2 usiku. Dharura ni tofauti, bomba limepasuka au kuna moto hakuna anayesubiri notisi. Kama nchi yako haijasema, andikeni. Wageni wako nao ni wako, yeye hachagui nani anakutembelea, ila kelele zao, na kioo watakachovunja, ni deni lako na sio lao. Mgeni akishaleta godoro na kabati hapo tena sio mgeni, kamwombee ruhusa.

Na kitu kidogo ambacho watu wanakigundua baada ya moto: bima ya mwenye nyumba, kama anayo, inalinda jengo lake. Televisheni yako, nguo zako, kompyuta ya kazi, havimo. Ukiweza kupata bima ya vitu vya mpangaji, chukua.

Akiuza, au akitaka utoke

Nyumba kuuzwa hakufuti mkataba wako moja kwa moja kama watu wanavyotishwa. Ujerumani imeandikwa kabisa kwenye sheria ya kiraia, mnunuzi anaingia kwenye viatu vya muuzaji na mkataba unaendelea ulivyo. Nchi nyingi zina kanuni inayofanana, ila zingine zinataka mkataba mrefu uwe umesajiliwa ili umbane mnunuzi, kwa hiyo kama unasaini wa miaka mingi uliza kuhusu usajili. Mmiliki akibadilika, pata barua ya maandishi kutoka kwa wa zamani kabla ya kumlipa mpya, na uliza dipoziti iko kwa nani sasa.

Na kutolewa kuna njia yake: sababu au muda kuisha, notisi, alafu mahakama au baraza, alafu afisa wake. Kubadilisha kitasa ukiwa kazini, kung'oa mlango, kukata maji na umeme ili uchoke mwenyewe, nchi nyingi hayo ni makosa hata kama kweli unadaiwa kodi. Katiba ya Afrika Kusini imeliweka wazi, hakuna mtu atakayetolewa nyumbani kwake bila amri ya mahakama. Deni lako linabaki deni, atalidai kwa njia ya deni.

Ikifika mmekosana kabisa, sehemu nyingi kuna baraza au mahakama ndogo ya mambo ya nyumba ambako huhitaji wakili na ada yake ni ndogo. Peleka mkataba, risiti, video ya siku ya kuingia, na meseji zote zikiwa zimechapishwa kwa mpangilio wa tarehe, ya zamani juu. Usipeleke simu tu na kuanza kuperuzi mbele ya mwenyekiti ukitafuta "ile meseji aliyosema", nakala mbili za karatasi, moja yake na moja yako, na tarehe muhimu umezipigia mstari.